Bibie Asijue Habari za Moyo Wangu

Jumatano, 8 Juni 1955. Mbeya.

Moyo umeruka. Nilikuwa nashona suruali ya karani wa posta, mguu kwenye pedeli, mara ndani ya kifua: du! Kisha kimya. Kisha du-du-du ya haraka, kama unafidia pigo ulilolikosa. Nikasimamisha cherehani. Ukatulia. Nikanywa kahawa nyingine kutuliza roho. Ukaruka tena.

Sijawahi kuugua, ila homa za kawaida na jipu moja. Kwa nini sasa? Kwa nini mwezi huu huu ambao nimepeleka posa?

Maana nataka kumuoa Bibie, mjane mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha, njia ya kwenda Iyunga. Mwanamke mchangamfu, sauti yake inafika mpaka barabarani, na pilau yake inafika mbali zaidi. Nampenda. Shida ni kwamba ameshazika waume wawili, na amesema mbele za watu kwamba hana nia ya kuzika wa tatu. Jibu atatoa Ijumaa ya tarehe 24.

Na si mimi peke yangu. Muharami, muoka mikate, naye amepeleka posa, juu ya posa yangu! Nilikwenda kulalamika kwa shehe. Shehe akasema Bibie hajamkubali mtu bado, kwa hiyo nitulie. Nitulie vipi? Muharami anapanda na baiskeli na kapu zima la mikate mpaka bomani bila kuhema. Kila akipita kwa Bibie anapiga kengele, kwa mtu ambaye yuko ndani na mkate hajaagiza.

Basi uamuzi ni huu. Bibie asijue habari za moyo wangu. Muharami asijue hata kwa ndoto.

Ijumaa, 10 Juni.

Umeruka asubuhi. Umeruka baada ya alasiri. Jana nililala kidogo sana, nikiusikiliza.

Nimetafuta sababu. Kwanza nilidhani ni baridi. Mwezi wa sita Mbeya si mchezo, maji ya kutawadha yanauma vidole. Nikavaa masweta mawili. Haikusaidia. Pili nilidhani ni pedeli, mguu wa kulia unauvuta moyo upande. Nikakanyaga kwa mguu wa kushoto. Nikashona mfuko wa suruali ya karani ukafungwa juu. Tatu nilidhani ni Muharami, lakini mtu anayeamka kukanda unga alfajiri hana nafasi ya kwenda kwa waganga.

Nikataka kuusikiliza mwenyewe. Nikatwaa faneli ya mafuta ya taa, nikaipachika bomba la mpira. Upande mmoja kifuani, upande mwingine sikioni. Nilichosikia ni cherehani ya jirani, na sasa sikio linanuka mafuta.

Muharami alipita akanikuta nimeshika kifua. Nikamwambia natafuta pini. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko pini inavyostahili. Nimekunywa kahawa tatu kwa muuza kahawa ili nionekane sina wasiwasi, na nikanusa ugoro kidogo mbele za watu.

Jumatatu, 13 Juni.

Nimekwenda zahanati. Nilipita uchochoro wa nyuma, skafu mpaka puani. Shida ni moja tu: dresa anayepima vifua pale ni Liberatus.

Liberatus ni Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Tu watani, tangu babu zake walipokuwa wakishusha mizigo pwani na kulala kwetu. Ana haki ya kunisema anavyotaka, kuchukua kuku wangu, kuvaa koti langu, na mimi nikikasirika ndimi mwenye makosa. Mwaka jana aliniambia Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, anataka kushonewa suti. Nilikaa bomani kutwa nzima, futi shingoni. Na aliniambia kwa uso mkavu kabisa. Huo ndio ubaya wake. Akitania uso ni mkavu, akisema kweli anacheka.

Aliponiona akajitupa kwenye benchi akaanza kulia. Akawatangazia wagonjwa kwamba Mzaramo amekuja kufa, kwamba cherehani ameiwahi yeye, wengine wagawane nguo. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alicheka mpaka mtoto naye akacheka. Nami, kwa desturi, nikamjibu kwamba Mnyamwezi akirithi cherehani ataibeba kichwani mpaka Tabora akidhani ni mzigo wa mtu. Benchi zima likafurahi. Skafu yangu ikawa haina kazi tena.

Ndani ya chumba nikamnong'oneza. Akaacha mchezo, akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, akasikiliza mbele na nyuma. Kisha akauliza maswali ya ajabu. Je, nimewahi kuzimia? Kifua kinabana, kama kimewekewa jiwe? Pumzi zinakatika? Moyo unaruka nikipanda mlima, au nikiwa nimekaa? Ukianza unatulia wenyewe? Kuna ndugu yangu aliyeanguka ghafla akafa angali kijana? Hapo nikajua anausema vibaya ukoo wangu. Nikajibu hapana, hapana, hapana, nikiwa nimekaa, unatulia, na ukoo wetu ni imara kuliko wa kwao. Mwisho akauliza nakunywa kahawa kiasi gani. Nikasema kidogo. Akanusa pumzi yangu, akauliza tena. Nikasema kidogo, mara nyingi.

Akacheka. Akasema moyo wangu ni mzima. Kila moyo huruka mara moja moja, wengine hawasikii, wengine wanasikia na kuanza kuhesabu. Kahawa nzito, ugoro, kukosa usingizi na mawazo mengi ndivyo vinavyouchokoza. Nipunguze. Lakini nikizimia, au kifua kikibana, au pumzi zikiniishia, au moyo ukishika mbio usikubali kutulia, nije saa hiyo hiyo, hata nikimkuta yuko kwenye ugali.

Mnyamwezi kumwambia Mzaramo kwamba ni mzima! Angesema nakufa, ningelala usingizi mzuri. Ni kweli alicheka, na akicheka husema kweli. Lakini anajua kwamba mimi najua. Huenda amegeuza.

Alhamisi, 16 Juni.

Nimeamua kujipima mwenyewe. Nimepanda mlima Loleza tangu asubuhi, kabla hata ya kahawa. Nilikwenda mbio kila palipokimbilika, nikiusubiri moyo uruke nione ni ugonjwa wa namna gani. Haukuruka. Ulidunda kwa nguvu, sawasawa, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Pumzi zilitosha. Nilimpita mtu mwenye punda.

Nikakaa juu ya jiwe, mji mzima uko chini yangu na moshi wa asubuhi, nikaogopa kweli. Ugonjwa unaojificha mtu akiutafuta ndio ugonjwa mbaya.

Niliposhuka nilikuwa nimechoka, nikaona nirudishe nguvu. Nikaenda moja kwa moja kwa muuza kahawa. Kikombe cha tatu, ukaanza kuruka. Alhamdulillahi, angalau sasa najua upo.

Jumamosi, 18 Juni.

Nimepata njia! Iringa kuna hospitali ya misheni. Wataalamu wa pale hawanijui. Watu wataambiwa nimekwenda kutafuta kitambaa cha khaki.

Kuna tatizo dogo. Nimesikia yuko Msukuma anafanya kazi pale, na Msukuma kwa Mzaramo ni mtani vile vile. Nikisema natoka Kisarawe tutarudi kule kule kwenye vilio. Kwa hiyo nitakuwa Mngoni wa Songea. Karani wa posta ni Mngoni, mtu mpole, hana makuu, na sijaona mtu yeyote Mbeya anamsumbua. Nimemuuliza mambo mawili matatu ya kwao wakati nampimisha suruali. Alifurahi kwamba napenda kujifunza. Hakufurahia mfuko.

Jumatatu, 20 Juni. Iringa.

Jana kutwa nzima kwenye basi. Vumbi mpaka kwenye meno. Moyo uliruka mara moja tu, karibu na Makambako, niliponunua chai ya rangi nyeusi kama wino ili nisisinzie.

Leo alfajiri nikawa wa kwanza kwenye benchi. Baadaye wakaja wengine, wakulima wa vijijini, akina mama na mablanketi yao. Akatoka mganga msaidizi, kijana mrefu anaitwa Joachim, akaandika majina. Akauliza kabila. Nikasema kwa sauti, kifua mbele: Mngoni.

Joachim akaweka kalamu chini taratibu. Akauliza Mngoni wa Songea kabisa? Nikasema kabisa. Akaenda dirishani, akachungulia nje kushoto na kulia, akarudi akawaambia watu wasiogope, amekuja peke yake na hana mkuki.

Kumbe Wahehe na Wangoni ni watani! Babu zao walipigana mpaka wakachoka wakabaki kutaniana. Kisarawe hatukufundishwa hayo. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu, anaitwa Rozalia, hata meno hana, alinivua kofia akavaa yeye. Akachukua na mkate wangu wa safari. Akasema, "Kamwene, mjomba. Mlikuja mara ya kwanza mkabeba ng'ombe, leo mmeleta mkate, tumesamehe." Watu wakashika mbavu. Wote wakaniangalia wakisubiri jibu langu.

Sikuwa na jibu. Mngoni humjibu Mhehe nini? Sikumuuliza karani. Nikakaa kimya, natoa jasho, na kofia sina.

Hapo Joachim akaacha kucheka. Akasema Mngoni anayechokozwa na Mhehe asijibu, huyo hali yake ni mbaya. Akaninyanyua kwa mkono, akanitanguliza mbele ya benchi zima. Bibi Rozalia akanirudishia kofia kwa huruma. Mkate hakurudisha.

Joachim akanisikiliza kwa makini sana, nimelala, nimekaa, nimesimama. Akaniambia nirukeruke pale chumbani kama jogoo, akasikiliza tena. Akanibonyeza miguu kuona kama imevimba. Kisha maswali. Yale yale! Kuzimia, kubana, pumzi, mlima, ndugu kufa ghafla. Na kahawa. Akasema moyo ni mzima, ila ulimi ndio umemtia wasiwasi. Akaniomba nimwambie ukweli, mimi si Mngoni.

Nikakiri. Nikasema ni Mzaramo, nilitaka tu kupimwa na mtu asiye mtani wangu ili niyaamini maneno yake. Joachim hakukasirika. Alinishika bega, akasema amenielewa. Kisha akafungua mlango akaita, "Edmund, njoo huku. Mzigo wako umefika kutoka pwani."

Edmund ndiye yule Msukuma. Akaja, akanitazama, akanikalia mapajani. Akamuuliza Joachim kama nimeshaandika nani arithi. Baada ya hapo akanisikiliza na yeye. Akasema mzima. Akasema niache kahawa.

Watani watatu, neno moja. Nikaomba kumuona daktari Mzungu. Yuko likizo kwao. Nimekaa sasa chumba cha wageni karibu na soko, nawaza. Lazima Liberatus amewapigia simu ya upepo. Sijui kama serikali inaruhusu simu za utani. Ninachojua ni kwamba nina miaka michache mbele yangu, labda miezi, na ningependa kuiishi na Bibie.

Jumatano, 22 Juni. Mbeya.

Nimerudi jana jioni. Mambo yameharibika.

Muharami ndiye aliyenipa habari, kwa furaha ya mtu mwenye mikate ya moto. Tangu Jumapili Liberatus alikuwa kila jioni barazani kwangu, amevaa koti langu, amekaa kwenye cherehani yangu, anapokea pole. Aliwaambia wapita njia kwamba nimekwenda Iringa kutafuta sanda, kwa sababu za Mbeya ni fupi. Watu walicheka. Watani ndivyo walivyo. Lakini Bibie alikuwa anapita na kapu lake, na hakucheka. Alimsimamia Liberatus mbele, akamwambia avue koti, aongee sasa kama dresa. Amwambie mimi nina ugonjwa gani. Liberatus akajaribu kukwepa. Bibie hakwepwi. Wakaingia ndani, wakafunga mlango, wakakaa mpaka magharibi.

Kwa hiyo anajua. Kila kitu.

Muharami akasema yeye naye alimwahi Bibie njiani, akamhakikishia kwamba hajawahi kukanyaga hospitali tangu azaliwe. Alimuonyesha kovu la mkono ulioungua kwenye tanuri, mpaka leo vidole viwili havikunjiki, na hakuweka hata mafuta. Akamwambia kifua kikimuuma huwa anabeba gunia la unga mpaka maumivu yaone haya. Nikamuuliza, je, Bibie alisema nini? Akasema alimtazama tu mpaka machozi yakamlenga. Muharami ana hakika ni mapenzi.

Nimekunywa kahawa sina hesabu. Kama ni kufa, nife leo, Ijumaa isinikute.

Ijumaa, 24 Juni.

Sijui nianzie wapi.

Baada ya sala ya Ijumaa tuliitwa nyumbani kwa kaka yake Bibie, mimi na Muharami. Muharami kavaa kanzu mpya, niliyoishona mimi. Liberatus naye alikuwepo, amekaa mkekani, uso mkavu. Nikajua nimekwisha.

Bibie akazungumza mwenyewe. Akasema mume wake wa kwanza alikohoa mwaka mzima, kila akimwambia nenda hospitali, anasema ni vumbi. Mume wake wa pili alikuwa akipanda kilima na mzigo kifua kinambana, anasimama, jasho jembamba linamtoka. Akimuuliza, anasema ni gesi ya maharage. Alimficha Bibie maumivu yake ili asimtie wasiwasi. Alianguka sokoni, akiwa na mzigo kichwani, mbele ya watu, na hakuamka. Bibie akasema waume wote wawili walikuwa mashujaa, na yeye amechoka na mashujaa.

Akamgeukia Muharami, akamwambia kwa upole kwamba yeye ni mtu mzuri na mikate yake ni mizuri, lakini aende akaangaliwe hicho kifua kinachouma, na aende leo. Liberatus yuko hapa.

Kisha akanigeukia mimi; habari za Iringa alikuwa nazo zote, kumbe Edmund alimwandikia Liberatus barua ikaletwa na dereva wa basi. Akasema mwanamume aliyepanda basi kutwa nzima mpaka Iringa, akabadili kabila, akakaliwa na Msukuma, kwa sababu ya moyo kuruka kidogo, mtu huyo atamzika yeye Bibie, atawazika wapangaji, na bado atabaki anauliza kama yu mzima. Huyo ndiye anayemtaka. Masharti mawili. Kahawa kikombe kimoja asubuhi, na ugoro basi. La pili, nikiumwa hata ukucha, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Nililia. Naandika bila haya, nililia. Moyo ulikwenda mbio kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza sikuushika.

Liberatus akasimama, akadai kwamba kwa kuwa amezungumza kweli mara mbili katika mwezi mmoja, jambo ambalo Mnyamwezi halipwi kwa kulifanya, atachukua koti langu moja kwa moja. Nikampa. Baadaye wakaondoka na Muharami kuelekea zahanati, Muharami akisukuma baiskeli, kanzu mpya inaburuza. Nimeona huruma. Nilikuwa nimeishona ndefu makusudi.

Jumatatu, 18 Julai.

Nimeoa. Niko kwa Bibie, chumba cha mbele, jua la asubuhi linaingia mpaka kitandani. Pilau Ijumaa, na siku nyingine wali wa nazi, sijui nazi anazipata wapi huku bara. Cherehani iko barazani, wapangaji wananisalimu Baba. Sikujua mtu anaweza kuridhika hivi.

Muharami alikutwa na kitu kifuani kweli, si kikubwa, kimewahiwa. Anameza vidonge, na kila asubuhi anatuletea mkate bure. Tunapiga soga.

Moyo haujaruka wiki nzima. Ni wazi sasa kwamba ilikuwa baridi. Chumba hiki kina joto, ndiyo maana. Nilisema tangu mwanzo, hawakunisikiliza.

Jambo moja tu. Goti la kulia. Tangu Alhamisi linauma kila nikikanyaga pedeli, na usiku limevimba. Leo Bibie ameniuliza mbona nachechemea. Nikamwambia sichechemei, huo ndio mwendo wa Kizaramo. Akaniangalia, nikaenda haraka mpaka mlangoni na kurudi, nikitabasamu, kumbe nauma meno.

Asijue. Mwanamke aliyezika waume wawili hataki mume mwenye goti bovu. Jumatano nakwenda Tukuyu. Nimemwambia nafuata vifungo.